Maji ya magotini: shajara ya mwaka wangu wa kwanza wa kuandika sayansi

Wiki ya 1, Januari

Mkataba wangu ulikwisha tarehe 31 Disemba. Kwa miaka saba nilikuwa mwanabiolojia wa bahari kwenye mradi wa uhifadhi: naweka fremu ya mabomba, mita moja kwa mita moja, juu ya matumbawe na majani ya bahari, nahesabu kilichomo ndani yake, naandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki, na usiku naingiza namba kwenye kompyuta. Fedha za wafadhili zimekwisha na mradi umefungwa.

Nimeamua kwa mwaka mmoja nisitafute mradi mwingine. Nataka kuandika sayansi, kwa Kiswahili kwanza na kwa Kiingereza pale ninapolazimika, na kazi hiyo inilishe. Shajara hii naifungua kwa mazoea ya kazi ya zamani. Jambo lisiloandikwa siku lilipotokea, baadaye mtu hulisimulia vile anavyotamani lingekuwa.

Nilicho nacho: shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kompyuta ya miaka minne, chumba Fuoni, Unguja, kilicholipiwa kodi hadi Juni, na akiba ya miezi mitano nikijibana. Ripoti nimeshaandika kumi na nne, zote kwa Kiingereza. Hakuna hata moja iliyorudi katika vijiji tulikochukua namba zake. Hilo linaniuma kuliko kukosa mshahara.

Nilimpigia mama, Kiuyu Mbuyuni, Pemba, kumpa habari. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hayo utamwandikia nani?" Nikamtajia magazeti, majarida, redio. Akasema, "Hao ni wa kukulipa. Mimi nauliza wa kusoma." Nikamwambia nitamjibu.

Wiki ya 3

Nimepiga hesabu ya nani analipa nini. Magazeti ya hapa yanapokea makala za sayansi, ila malipo hayafiki nauli ya boti kwenda Pemba na kurudi. Majarida ya nje hulipa kwa neno, lakini kwanza yanataka pendekezo: aya mbili au tatu za kumwonesha mhariri kwamba habari ni mpya, kwamba ina watu ndani yake, na kwamba wewe ndiye unayefaa kuiandika. Mashirika hulipa vizuri kwa vijitabu na mabango. Watafiti nao hulipa ukiwanyooshea Kiingereza cha makala zao kabla hawajazipeleka kwenye majarida ya kitaalamu. Kazi hii ya mwisho haiweki jina lako popote, lakini ndiyo nitakayoanza nayo, maana kodi ya nyumba haisubiri jina.

Jioni nimesoma habari za Rachel Carson, mwanabiolojia wa Marekani. Watu humsimulia kama mtu aliyeamka siku moja akaacha kazi akaanza kuandika vitabu. Haikuwa hivyo. Aliajiriwa na idara ya serikali ya uvuvi, akiandika vipindi vya redio na vijitabu, na pembeni akiuza makala ndogo kwenye magazeti ya Baltimore. Utangulizi mmoja aliouandika kwa ajili ya kijitabu cha idara, mkuu wake aliusoma akamwambia huu haufai hapa, upeleke kwenye jarida kubwa. Ulichapishwa mwaka 1937. Kazi ya serikali aliiacha mwaka 1952, miaka kumi na tano baadaye, kitabu chake cha bahari kilipokuwa kimeshanunuliwa na watu wengi mno. Na muda wote huo alikuwa akimtunza mama yake na watoto wawili wa dada yake marehemu.

Miaka kumi na tano. Mimi nimejipa mmoja. Sijutii, lakini nimeuandika mwaka 1952 kwenye karatasi na kuubandika juu ya meza, usije ukanidanganya moyo.

Wiki ya 5

Makala ya kwanza iko mezani: kwa nini mwani mnene unakufa.

Nimechagua mwani kwa sababu sikijui kitu kingine cha baharini kilichogeuza maisha ya wanawake wa visiwa hivi kama hiki. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiutafiti mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970. Kilimo cha biashara kikaanza Unguja mwaka 1989, pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, kwa mbegu zenye asili ya Ufilipino. Kikavuka Pemba, na leo Pemba ndiyo inayotoa mwani mwingi zaidi. Mama ni miongoni mwa walioanza kijijini kwetu. Madaftari yangu ya skuli yalinunuliwa kwa mwani, na sare, na siku niliyokwenda chuo, nauli.

Aina zinazolimwa ni mbili. Mwembamba, ambao kwa wataalamu ni Eucheuma denticulatum na kwa wanunuzi ni spinosamu. Mnene, Kappaphycus alvarezii, ndio kotonii. Yote miwili hutoa karaginani, ute unaotiwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vyakula vingi vya kiwandani ili vishikamane. Ute wa mnene huganda imara zaidi, ndiyo maana bei yake iko juu. Tabu yake ni kwamba hauvumilii joto. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 umekuwa ukifa sehemu baada ya sehemu, na wakulima wengi wamerudi kwenye mwembamba wenye bei ndogo.

Nimeandika maneno 1,400 kwa siku nne. Nimeyasoma usiku kwa sauti. Ni ripoti ileile, imevalishwa kanga.

Wiki ya 6, Pemba

Nimekwenda na karatasi zangu. Boti mpaka Mkoani, gari mpaka Chake, gari nyingine mpaka Micheweni, na kutoka hapo bodaboda.

Alasiri, bahari imejaa, mama na wenzake sita walikuwa barazani wakifungua taitai za zamani, vijikamba vya kufungia mwani, kwenye kamba ili wazitumie tena. Nikawaomba niwasomee. Walikubali, mikono ikiendelea na kazi. Nilipofika kwenye sentensi isemayo "wakulima wengi hawajui kwa nini mwani wao unakufa", mikono ikasimama.

Bi mkubwa mmoja, rika la marehemu bibi yangu, akasema: "Nani hajui?"

Kisha akaanza kunieleza, na wengine wakimsaidia. Mwani hufa miezi ya kaskazi, ya joto, si ya kusi. Hufa wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa sababu bamvua ya kwetu hupwa saa nne, saa tano za asubuhi, na jua linayakuta maji yamefika magotini tu, yamesimama, yanachemka. Kamba za upande wa nchi kavu ndizo zinazotangulia. Mnene hutangulia mwembamba. Mvua kubwa za masika zikishuka, maji matamu yakaingia kwenye mashamba, nayo huua. Kabla ya kufa, vitawi hugeuka vyeupe, vinalainika, vinakatika vyenyewe. Wameshajaribu kupeleka kamba mbele kwenye mkondo, na huko mnene unastawi. Lakini huko hakusimamiki, kunataka chombo na kunataka kujua kuogelea, na wao hawakufundishwa kuogelea.

Mimi nilikuwa nimesoma makala tisa za kitaalamu kupata hayo hayo. Hata jina la ule ugonjwa wa kuwa mweupe, ambalo limo katika kila jarida la mwani duniani, ais-ais, wataalamu walilichukua kutoka kwa wakulima wa Ufilipino, waliouona mwani wao kama barafu. Nililisoma mara ngapi bila kulifikiria.

Nikawauliza wao basi hawajui nini. Hili lilichukua muda. Mwishowe mama akasema: "Mbegu ikitufia tunakwenda kuomba kwa jirani. Tunaileta, tunaifunga vizuri, msimu ukija inakufa vilevile. Tunasema labda jirani ametupa mbovu. Watu wameshagombana kwa hilo."

Hapo ndipo nilipokuwa na kitu cha kuwapa. Nikawaeleza kwamba hii tunayoiita mbegu si mbegu, ni kipande. Kipande kimekatwa kwenye mwani uliokatwa kwenye mwani mwingine, miaka zaidi ya thelathini. Haukuzaliana, kwa hiyo haukuchanganya damu, na kwa sehemu kubwa wa jirani na wako ni mmoja, una nguvu zilezile na udhaifu uleule. Joto lililouua wako litaua na wake. Hakuna aliyempa mwenzake mbovu. Nikatafuta neno la kueleza kloni, nikasema nakala, nikasema pacha. Bi mkubwa akanikatiza. "Ni kama muhogo. Unapanda kijiti, na ukipata maradhi unaugua shamba zima."

Ni kama muhogo hasa. Nimesoma biolojia miaka minne ya chuo na sikuwahi kupewa mfano huo.

Usiku nimeifuta sentensi ya "hawajui" na aya tatu zilizofuata. Nimeanza upya kutoka kwenye ule ugomvi wa mbegu. Kabla ya kuondoka nimemwachia mama kipimajoto changu cha maji, kile cha kazi, na daftari. Akaniuliza asome namba gani. Nikamwonesha.

Wiki ya 9

Makala imetoka kwenye gazeti, ukurasa wa ndani, maneno 900. Nimemjibu mama lile swali lake la Januari.

Kabla ya kuituma nilimpa mtafiti mmoja wa mwani aisome. Alinirudishia mstari mmoja: nimeandika "joto linaua mwani" kana kwamba ndilo peke yake, na sivyo. Joto huuchosha, kisha bakteria hupata nafasi, na mwani mwingine mdogomdogo huota juu yake ukaukosesha mwanga, na chumvi ya maji ikipanda au ikishuka ghafla ni shida nyingine. Ni kweli. Wanawake walinitajia hata mvua, na mimi bado niliichukua ile sababu moja iliyonipendeza. Kosa la aina hii ni baya zaidi kwa mtu aliyesomea, kwa sababu msomaji anaamini amepima.

Nimefungua daftari la maneno. Upande mmoja istilahi, upande mwingine kinachosemwa. Usanidinuru nitaitumia, ni neno zuri, lina mwanga ndani yake, ila kila mara litatanguliwa na maelezo ya jani linalojitengenezea chakula kwa jua. Kimeng'enya pia, kile kinachoharakisha kazi za mwili. Tabianchi imeshaingia masikioni mwa watu kupitia redio. Lilinishinda lile neno la Kiingereza la kiumbe kuzidiwa na mazingira yake, ambalo vitabu hulitafsiri kwa "mkazo", na mkazo kwa msomaji wa kawaida ni wa kuvuta kamba. Pale barazani walisema "mwani umechoka". Nimeliandika, na nimelipigia mstari.

Wiki ya 12

Ramadhani. Nahariri makala za watafiti asubuhi, baada ya alasiri sifanyi kitu. Mapendekezo manne nje, majibu hakuna.

Wiki ya 16

Limekubaliwa moja! Jarida la nje, kwa Kiingereza, maneno 1,200, juu ya mbung'o wa Unguja.

Vijana wengi hawajui kwamba kisiwa hiki kilikuwa na mbung'o, na kwamba walimalizwa bila kufyeka msitu. Walikuwa wa aina moja tu, Glossina austeni, wakiwaambukiza ng'ombe maradhi ya nagana. Kati ya 1994 na 1997 madume yalifugwa kwa wingi Tanga, yakapigwa mionzi yakawa hayana uzazi, yakaletwa Unguja na kumwagwa kwa ndege ndogo, juma baada ya juma, mamilioni. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu. Akimpata dume wa Tanga, uzazi wake umekwisha. Tena mbung'o hatagi mayai kwa mamia kama nzi wa jikoni: anabeba buu mmoja tumboni, anamnyonyesha humo humo, anamzaa baada ya siku tisa au kumi, kisha anaanza mwengine. Kwa mdudu, huo ni uzazi wa taratibu sana, na hiyo ni sababu mojawapo ya mbinu kufaulu. Mwaka 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o.

Nilikwenda Cheju kuzungumza na mzee aliyekuwa na ng'ombe miaka hiyo. Nilitaka anieleze ndege. Yeye alitaka kunieleza maziwa: alikamua nini kabla na alikamua nini baada. Safari hii nilinyamaza nikamwacha. Makala imeanza kwa maziwa, na mhariri hakugusa aya ile.

Wiki ya 20

Wiki ngumu. Chombo kimoja kilichapisha makala yangu fupi juu ya vyakula vya mwani na kuipa kichwa cha habari kinachosema mwani unatibu maradhi. Ndani sikuandika hivyo popote. Niliandika kuomba kibadilishwe, kikabadilishwa siku ya tatu, na siku tatu ni nyingi kwa kitu kinachotumwa kwenye simu. Shangazi yangu wa Wete alikwishakipata na kumpelekea mgonjwa. Nilimpigia yeye na yule mgonjwa, mmoja mmoja, nikawaeleza. Kuanzia sasa kila ninapotuma makala naambatanisha vichwa vitatu ninavyovikubali, na naomba kuoneshwa kingine chochote kabla.

Malipo ya kazi nyingine ya Februari hayajaingia. Ankara nimeituma mara tatu. Nimejifunza kuandika siku za malipo ndani ya makubaliano kabla ya kuandika neno la kwanza la makala.

Wiki ya 26, nusu mwaka

Mapendekezo niliyotuma: 22. Yaliyokubaliwa: 4. Yasiyojibiwa kabisa: 11. Makala za Kiswahili zilizochapishwa: 6. Sehemu kubwa ya fedha bado inatoka kwenye kuhariri, na kodi ya nyumba imelipwa tena mpaka Disemba.

Wiki ya 28

Mhariri mmoja anataka habari juu ya eneo lile lile tulilofanyia kazi miaka saba, na amenitafuta kwa sababu naijua kila kona yake. Hilo ndilo linalonizuia. Niliwahi kulipwa na mradi ule. Nikiandika kwamba ulifanikiwa, msomaji ana haki ya kujua nilikuwa ndani, na nikiandika kwamba ulishindwa, ana haki hiyo hiyo. Nimemwambia wazi. Tumekubaliana niandike kwa nafsi ya kwanza, niseme katika aya ya pili nilikuwa nani huko na nililipwa na nani, na wavuvi wapewe nafasi ya kunipinga. Wawili wamenipinga. Maneno yao yamo.

Wanabiolojia wenzangu wanaofikiria njia hii huniuliza zaidi juu ya lugha, kama Kiswahili kitatosha. Kiswahili kinatosha. Swali kama hili la nani alikulipa jana ndilo linalonichosha usiku, na sikulisomea popote.

Wiki ya 33

Watafiti watatu mwezi huu wameomba kusoma makala yote kabla haijatoka. Jibu langu sasa ni moja kwa kila mtu: nitakusomea maneno niliyokunukuu na sehemu inayoeleza sayansi yako, ili ukosoe makosa. Mengine ni yangu. Na aliyenipa habari barazani anasomewa kama anavyosomewa mwenye shahada. Kuwasomea watu kwa simu huchukua saa nzima wakati mwengine. Sipunguzi.

Wiki ya 39

Redio ya jamii Micheweni imenipa dakika kumi kila wiki. Malipo ni madogo. Nimekubali kabla hawajamaliza kusema.

Redio ni ngumu kuliko karatasi. Msikilizaji harudi nyuma. Namba mbili katika sentensi moja, ya pili inaifuta ya kwanza. Kipindi cha kwanza nimekifanya juu ya popo wa Pemba, yule mkubwa asiyepatikana porini popote duniani ila kisiwani kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliwindwa mpaka akakaribia kwisha, kisha vijiji, Kidike kikiwamo, vikaamua kumlinda, na leo wako kwa maelfu. Nilizungumzia mbegu za miti anazozimwaga akiruka usiku. Baada ya kipindi akapiga mzee mmoja kulalamika kwamba anamla maembe yake. Kipindi cha pili nimemwalika yeye.

Wiki ya 45

Kipindi cha mwani, ule ugomvi wa mbegu, na muhogo. Nimeweka sauti ya bi mkubwa mwenyewe akisema mfano wake, kwa ruhusa yake. Nilisikia baadaye kwamba Tumbe walikuwa wamekaa wanawake kama kumi na simu moja katikati. Mmoja wao amenitumia ujumbe wa sauti: anataka kujua kama kuna mtu anafundisha wanawake kuogelea, maana wao mkondo uko karibu. Sijui nimpeleke kwa nani. Nimeanza kuuliza, na majibu yatakuwa kipindi.

Wiki ya 51, Disemba

Kaskazi imeanza. Kati ya fedha za mwaka huu, zaidi ya nusu ni za kuhariri Kiingereza cha wengine, robo ni za majarida ya nje, na iliyobaki ni Kiswahili. Nataka ile robo ikue ili ilipe Kiswahili, na nimeshazungumza na mtafiti mmoja anipe kazi ya kudumu siku mbili kwa wiki. Ile karatasi ya 1952 bado iko ukutani.

Leo mama kapiga. Tangu Februari amekuwa akipima kila bamvua, daftari la kwanza limejaa na amelianza la pili. Hana haja tena ya kunisubiri niseme namba zina maana gani: kamba sita za mnene amezihamisha nyuma ya ufa wa mwamba, ambako maji yanapopwa hubakia kiunoni, na huko amezipima nyuzi 31. Akanisomea za leo, nami nikaziandika.

Saa nne na nusu asubuhi, kamba ya upande wa nchi kavu, maji ya magotini, nyuzi 34. Mwembamba mzima. Mnene, vitawi vitatu vimeanza kuwa vyeupe. Bamvua ijayo atapima tena, na mimi nitakuwepo.